Nyuzi za Hanamu

Neno letu ni moja: nyuzi za kitambaa,
nyuzi za pembe. Sijui nani alilifunga hivyo,
lakini leo, karakana ya viungo bandia, Ndanda,
nazihesabu zote kwa mpigo.

Fremu nimeiunda kwa alumini ya dirisha bovu:
vipande vinne, bawaba nne, mraba wa sentimita ishirini.
Mizani nimeiazima ghala la korosho,
ile ya kuning'inia, ambayo msimu uliopita
ilimpunja mjomba kilo sita kwenye gunia.
Nimeijaribu kwanza kwa ndoo ya maji. Bado inapunja.
Kiasi cha uongo wake nimekiandika pembeni mwa daftari,
nitakitoa mwishoni.

Kipimapembe ni cha Shamsa, binti yangu.
Kimetoka kwenye mkebe wa darasa la sita
na kinatakiwa kurudi Jumatatu.

Nimebana kitambaa cha nyuzi za kioo, cheupe,
kinachowasha mikono kama upupu,
nikakichora vimraba kwa kalamu ya wino,
mtande na mshindio,
halafu nikavuta kona.

Mraba ukalala.
Vimraba vikaegemeana kama watu kwenye benchi
anapoongezeka mmoja.
Nyuzi kumi. Ishirini. Mizani haijasema kitu.
Thelathini: uzi unageuka juu ya uzi, hakuna unaokatika.
Thelathini na tano, mshale unaamka.
Arobaini na moja,
benchi limejaa.
Nikaongeza nusu kilo
na katikati pakainuka kunyanzi,
jembamba, kama mshipa wa mtu anayejizuia kusema.
Kilo tatu na robo, ukitoa uongo.

Nalifahamu.
Ndilo lililokaa nyuma ya goti la Issa Nangomwa
miezi minne, limegandishwa na resini,
gumu kama ukingo wa sarafu.
Yeye hupulizia mikorosho salfa, huko Kitangari;
mguu aliuacha Nangoo, chini ya fuso la mbaazi.
Hakulalamika. Alivaa soksi mbili, kisha tatu,
akaja kidonda kimeshaanza kunuka,
akasema, "Labda ni mimi sijauzoea."
Hakuwa yeye. Ni mimi
niliyevuta kitambaa wima juu ya plasta,
nikikilazimisha goti
kama karani anayenyoosha foleni.

Somoe Mchilinda, fundi cherehani wa mlango wa pili,
aliniona nikirudia kosa, akacheka na pini mdomoni.
"Kola haikatwi hivyo. Ukifuata uzi kitakukatalia.
Kipe hanamu, kitakuja chenyewe.
Ila usikidai kuliko kilicho nacho."
Nikamuuliza, kina kiasi gani?
Akapandisha bega. "Mkono unajua."

Mkono wangu haujui. Ndiyo maana nina fremu.

Kitambaa cha pili, kilichofumwa mshazari,
uzi ukiruka nyuzi mbili,
kilifika hamsini na sita kabla ya kunung'unika.
Cha tatu kilifumuka pembeni. Nacho nimekiandika.

Nikalaza cha mshazari juu ya plasta ya Issa,
hanamu, kuanzia pia ya goti,
nikashuka kwa vidole bila kuvuta,
nikisoma vimraba vinavyolala:
kumi na mbili ubavuni,
arobaini na tisa nyuma.
Nikapima tena. Arobaini na tisa.
Nikamimina resini.

Ijumaa amekuja na gari la alfajiri.
Amesimama. Amekwenda hadi bombani, akarudi,
akaenda tena bila kuombwa.
Nyuma ya goti, safi.
"Hapa lakini," akagusa upande wa ndani, juu,
"pananibana kidogo."

Hapo sikuchora vimraba.

Nimemwomba Shamsa kipimapembe
hadi Jumatano.